Nani Aliyeishika Mwisho

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimepiga bastola. Mimi! Hina, ambaye fataki za sikukuu mpaka leo zinanitia mbioni.

Mahali penyewe ni machimbo ya mawe ya zamani, ndani kabisa nyuma ya Bububu. Kibanda cha mabati, meza ndefu, na mbele yake boma la udongo lililopanda kuliko nyumba, ili risasi ziishie humo. Basi. Mwalimu ni Bi Mwanakhamis, Mtumbatu, askari polisi mstaafu. Mfupi, lakini sauti! Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, na hapo hapo akaniuliza kidole changu kiko wapi. Kutazama — kiko kwenye kifyatulio. Na bastola ndiyo kwanza imeingia mkononi! Akakitoa mwenyewe, akakilaza ubavuni mwa bastola. Kidole kinakaa hapa mpaka ushaamua, kasema. Si ushaogopa. Ushaamua.

Nlidhani nikifika tu ni kupiga. Wapi! Asubuhi nzima ilikwenda kwa kuhakikisha ni tupu. Toa magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Vuta kipande cha juu kirudi nyuma. Tazama ndani ya chemba, pale risasi moja huweza kubaki hata magazini ikitolewa. Tia kidole upapase. Mpe mwenzio naye atazame. Tena. Tena. Nikamwambia, lakini si nshaiona sasa hivi kuwa ni tupu? Akanijibu: umeiona, ukaiweka, ukageuka kuniuliza mimi. Umegeuka, basi hujui tena.

Halafu ndiyo nikapiga. Mlio si ule wa sinema. Huu unaingia kifuani kwanza, masikioni baadaye. Risasi ilikwenda wapi sijui — udongoni, alhamdulillahi. Nikacheka kama mwehu. Baba kasimama nyuma yangu, mikono mgongoni, anatabasamu ndani ya ndevu.

Jumapili, 3 Agosti

Vidole bado vinanuka baruti. Nimeosha kwa sabuni, kwa ndimu. Bado. Sikuchukia.

Nnajiuliza: kwa nini sasa? Baba ana leseni toka mimi mdogo. Sonara, anabeba dhahabu za watu, ilibidi. Sisi tulijua bastola ipo kwenye sefu, hatukupata kuiona. Nikiwa msichana nlimwomba nimtazame tu akiisafisha, akafunga mlango. Leo ananikokota mwenyewe mpaka machimboni, niombe na mie leseni.

Nimemuuliza. Kasema duka litakuwa lako, na mzigo wake uwe wako. Kasema huku anatazama dirishani.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi bila risasi. Risasi zote zimefungiwa chumba cha chini, bastola tuko nayo juu. Baba kaikagua, nami nikaikagua. Nikaelekeza ukuta wa uani, ule mnene wa mawe, kwa kuwa upande wa pili hakuna mtu. Si dirisha, si mlango, wala ukuta wa majirani. Kisha akaweka sarafu juu ya mtutu, pale mwisho. Vuta kifyatulio, sarafu isianguke.

Ilianguka. Ikaanguka. Ikaingia chini ya kabati, tukaitafuta kwa ufagio, tukacheka. Baadaye ikakaa! Siri yake ni kuvuta polepole hata usijue lini itafyatuka. Ajabu kweli. Mkono wangu una tabia ambazo sikuzijua.

Nikamuuliza Baba kama aliwahi kuipiga nje ya machimbo. Hajapata hata mara moja. Sasa mazoezi yote haya ya nini? Akafikiri. Ya kwamba mkono usije ukafanya jambo ambalo kichwa hakijaliamua, kasema.

Toka Mama afariki sijamsikia Baba akizungumza hivi. Jioni kaniita "Rumana" mara mbili. Rumana ni shangazi yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelipata duara la shabaha! Si la katikati, lile la pili, lakini nimelipata. Bi Mwanakhamis kasema mabega yako yameacha kugombana na shingo.

Mwisho wa somo kaitwa kwenye simu, akaondoka mbio kwenda barabarani kupokea wageni. Katwambia tukaguane wenyewe. Mimi ndiye niliyepiga mwisho. Tukafunga, tukarudi mjini, nikamwacha Baba dukani, nikaenda harusini kwa binamu. Biriani nzuri, pilipili haba.

Jumapili, 10 Agosti

Meza bado sijaisafisha. Nnaandika hivyo hivyo.

Baada ya chai ya asubuhi tulikaa kuisafisha. Magazeti mezani, mafuta, kitambaa, kibrashi. Baba kaitoa sefuni, kanipa: "Tupu. Safisha."

Bastola hii haifunguki bila kwanza kuvuta kifyatulio. Ndivyo ilivyotengenezwa. Nikaelekeza ukutani, nikatoa magazini. Magazini tupu. Na hapo — nakiri kwenye karatasi hii — moyo ulishasema basi. Baba si kasema tupu? Lakini mkono ukaendelea wenyewe, ukavuta kipande cha juu.

Risasi ikaruka. Ikadunda juu ya gazeti, ikaviringika mpaka kwenye kikombe cha Baba.

Kisha Baba akainuka, uso umemwiva.

"Ni wewe," kasema. "Jana wewe ndiye uliyepiga mwisho."

"Lakini nliikagua, Baba. Nlikuonesha."

"Hukunionesha kitu!"

Akaenda chumbani kwake. Nimebaki na ile risasi mbele yangu. Ndogo, ya manjano, safi.

Nliikagua? Nnaiona picha: natia kidole, naangalia, nampa Baba, anasema sawa. Lakini picha hiyo ni ya jana, au ya Jumamosi ile nyingine? Sijui! Wallahi sijui.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikuweza kufanya kazi. Mteja kanionesha kidani, nikampimia mara mbili nikapata uzito tofauti.

Nnafikiri hivi. Ama ni mimi, basi sifai kupewa leseni, nikaungame kwa Bi Mwanakhamis yaishe. Ama ni Baba. Na ikiwa ni Baba, ilikuwaje? Mwenyewe kasema Jumamosi ile alifunga duka mapema, akalala mpaka alasiri. Bastola ilikuwa sefuni. Risasi haipandi ngazi peke yake.

Mchana nikamuuliza Usi, fundi wetu, kwa mzaha mzaha: Mzee Jumamosi alikukimbia, eh? Usi akacheka huku anapuliza moto wake. Hakunikimbia, kasema, alitoka na ule mkoba wake wa ngozi. Alikuwa anapeleka bangili mtaa wa Amani, kwa mteja wetu Bi Tahiya.

Mkoba wa ngozi ndio wa bastola.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda Amani. Nikajisingizia napita kuona kama bangili zimemkaa sawa.

Bi Tahiya mtu wa maneno, na mwepesi wa kucheka. Kanikalisha, kaniletea chai na katlesi. Bangili zimemkaa sawa, Mungu ambariki baba'ko. Alikuja mwenyewe Jumamosi, jua kali, akakaa pale pale ulipokaa wewe.

"Ila mzee siku hizi ana mawazo," kasema. "Kaaga, kashuka ngazi, mkoba kauacha juu ya kiti!"

Nikauliza mkoba upi.

"Si ule wa ngozi! Wajukuu wangu washauburura sakafuni, wanagombania zipu. Nikawanyang'anya, nikamkimbilia mpaka chini. Mzito huo! Nikasema humu mna dhahabu za watu. Kunishukuru kwake, akaniita kwa jina la marehemu dada yangu."

Akacheka. Nikacheka na mie. Mikono nimeificha ndani ya rida niliyojitanda, asiione.

Wajukuu wenyewe walikuwa uani, wanaruka kamba. Nikawatazama mmoja mmoja.

Sasa nshajua. Aliijaza kwa safari ya Amani, akaingiza risasi chemba. Aliporudi akatoa magazini, akazitoa risasi zake, akasahau ile ya chemba. Kosa ambalo Bi Mwanakhamis kasema ndilo linaloua watu majumbani. Si mimi.

Nlitaraji nifurahi kuwa si mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Ufunguo wa sefu nnao mimi toka jana. Nimeutoa kwenye koti lake akiwa msikitini. Leseni si yangu, kwa hiyo ufunguo kukaa kwangu si halali, najua. Baba hajauulizia. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia.

Nlingoja amalize kula. Nikamweleza yote taratibu: Usi, mkoba, Bi Tahiya, watoto na zipu. Nlijitayarisha kwa ghadhabu. Kweli ilikuja — kagonga meza, kasema mnanifanya mwendawazimu nyumbani mwangu, yeye Amani hajakwenda toka Ramadhani. Kisha akazishika ndevu.

"Nilivaa nini?" kauliza.

Nikasema sijui, Baba, mimi nlikuwa harusini.

"Kamuulize Usi nilivaa nini. Nilikwenda kwa teksi au kwa miguu? Nilikula kwake?"

"Ulikunywa chai."

"Na sukari?"

Alikuwa anataka kujua kweli. Anajichunguza kama anavyochunguza pete aliyoletewa na mtu asiyemjua, anaigeuza huku na huku apate pale ilipoungwa. Nikajibu nlichokuwa nakijua. Kilichobaki hakipo, si kwangu si kwake.

Mwisho kasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana nilikutaka ujifunze, Hina. Nlianza kuona. Vitu vidogo. Nlidhani bado nina muda."

Nikamrudishia ufunguo. Akausukuma juu ya meza ukarudi kwangu. Nikamsukumia tena. Mwisho tumeuweka katikati, karibu na chumvi, na sote wawili tumekaa tunautazama. Tumekubaliana: Jumamosi bastola iende kwa Bi Mwanakhamis, asikie yote.

Ijumaa, 15 Agosti

Baba karudi kutoka msikitini na embe za mwisho wa msimu. Kanimenyea mwenyewe. Hakuna aliyeitaja kesho.

Nnafikiria: yeye bila bastola atakuwa nani? Si kwa kuwa anaipenda. Sijapata kumwona akiitazama kwa mapenzi. Ni zile Jumamosi. Kukaza viatu, kupaka mafuta, kusema hebu tuone mkono huu bado wangu.

Na mimi je? Nnaitaka leseni? Wiki mbili zilizopita ningesema ndiyo kwa kelele. Sasa nnajua mkono wangu ndio uliovuta kipande cha juu siku ile, kichwa kilishakubali neno la Baba. Kichwa changu na mkono wangu, kipi nikiombee leseni?

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika hapa hapa machimboni, kwenye benchi nje ya kibanda.

Tumefika asubuhi. Baba kavaa kanzu mpya na kizibao. Bastola tupu, tumeikagua sote wawili nyumbani kabla ya kutoka, na magazini peke yake kwenye mfuko mwengine. Bi Mwanakhamis akaikagua naye mbele yetu. Nikamweleza kulikuwa na risasi kwenye chemba, Jumapili, mezani. Akaiweka bastola chini. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Nani aliyeishika mwisho?" kauliza.

"Mimi," nikasema.

Sijui kwa nini! Tulishakubaliana. Ulimi umetoka wenyewe. Nlimwona Baba kwenye kanzu yake mpya, basi.

Lakini na yeye alikwishasema. "Mimi." Sauti zetu ziligongana hewani.

Bi Mwanakhamis katutazama, mmoja, kisha mwengine.

"Bi Mwanakhamis," Baba kasema, "huyu binti yangu anadanganya. Ni mimi. Sikumbuki, lakini ni mimi. Yeye ndiye aliyeikuta."

Nikaanza kulia kama mtoto. Baba kanipa leso yake. Bi Mwanakhamis kanigeukia: umekagua hali umeshaambiwa na baba'ko ni tupu, hilo sina neno nalo. Lakini sasa hivi umeniambia uongo juu ya silaha. Leo hushiki. Tutazungumza mimi na wewe baadaye, na usije na chozi.

Kisha akamshika Baba mkono, wameingia kibandani, mlango umefungwa. Nimekaa hapa. Sauti zao nazisikia, maneno siyasikii. Kuirudisha bastola polisi kuna utaratibu wake, najua, hilo ndilo wanalozungumza. Mara moja Baba amecheka. Yule bibi naye amecheka! Wanacheka nini?

Sasa Bi Mwanakhamis katoka. Kasimama mlangoni, mikono kiunoni, anazungumza chini chini. "Mzee kakubali yote," kasema. "Jumatatu tunakwenda pamoja kituoni, anaikabidhi kwa mkono wake. Lakini kaniomba jambo. Anataka kupiga mara moja, leo, risasi moja, nami nitasimama bega kwa bega naye. Mimi kwa upande wangu naweza kumsimamia. Ila wewe ndiye unayeishi naye. Unasemaje?"

Nimemwambia nipe dakika, na nimeinamia karatasi hii kama ndiyo yenye jibu. Nimenyanyua kichwa. Nyuma ya Bi Mwanakhamis, kwenye meza ndefu, namwona Baba. Kanzu kaipandisha mikono. Kageukia shabaha, kanipa mgongo; bastola bado hajapewa. Vile vifuniko vikubwa vya masikio ameshavivaa. Hata nikijibu sasa, hatasikia.

Bi Mwanakhamis bado anangoja.