Kilo Nne na Sketi Ileile

Jumatatu, 3 Februari
Saa nne kamili. Uji, yai, ndizi moja. Wiki ya tatu sasa. Nakula kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo maji tu. Ni ratiba ya daktari wa moyo. Dawa zilizoniponya saratani ya damu nikiwa na miaka saba ziliuchosha moyo, na unene unauongezea mzigo. Mama hakusema kitu. Mama asiposema kitu, kuna kitu.

Jumamosi, 15 Februari
Kilo mbili zimepungua. Sketi ya kazini bado inanibana. Ama mzani muongo, ama sketi. Nimepima tena Bunda, duka jingine la dawa. Jibu lilelile.

Jumanne, 25 Februari
Mama anaongea kwa simu na mama mdogo wa Butiama. Nikiingia anaanza kuulizia mvua. Namshuku. Labda ananizidishia mafuta kwenye mboga. Kuanzia leo najipikia mwenyewe. Ameumia. Sijali.

Jumapili, 2 Machi
Kilo nne. Sketi ileile, inabana vilevile. Naogopa. Labda mwili unakonda na tumbo linajaa maji, moyo umeshindwa. Nimejipapasa shingo na kwapa kutafuta uvimbe, kama walivyokuwa wakinifanyia utotoni. Mahubiri sikuyasikia.

Jumatano, 5 Machi
Nimeigeuza sketi ndani nje. Uzi mpya. Imepunguzwa pande zote mbili. Nyingine pia. Na magauni. Hapa Makoko fundi cherehani wa nyumba yetu ni mmoja: Mama.

Nilimwekea sketi mbele yake, nikamuuliza kwa nini.

"Ulivyokuwaga mdogo, nguo ndiyo iliniambia kwanza," alisema. "Sare ya shule ilikuwa inakupwaya. Mimi napunguza tu, nasema mtoto anarefuka. Nikakupeleka hospitali umeshachelewa. Sasa nimeona nguo zinaanza kukupwaya tena. Nilishindwa kuziangalia, mama."

Nilikuwa na hasira. Siku tatu nimejihesabu maiti kwa ajili ya uzi wake. Nikatoka nje. Niliporudi alikuwa anafumua mishono, na mimi nikachukua wembe nikakaa upande wa pili.

Ijumaa, 14 Machi
Kliniki. Mama alikuja. Alikuwa na swali moja: atajuaje kupungua huku si kule kwa zamani. Daktari hakumcheka. Alimwonyesha majibu ya damu, safi. Akamtajia vya kuangalia: homa isiyoisha, michubuko, kizunguzungu, pumzi kukatika. Nikipata kimojawapo niache ratiba, nirudi haraka. Moyo haujapona. Haujazidi kuharibika pia.

Nyumbani tulifika saa saba. Mama alisonga ugali, mimi nikakaanga sato. Tukala. Halafu akajinyoosha mkekani, akalala fofofo, mchana kweupe. Sijawahi kumwona hivyo. Nikafunga mlango taratibu, wageni wasimwamshe.