Kashata za Bi Mwantumu

Jumamosi, 5 Julai
Wageni sita wa ziara leo, wote kutoka hotelini Mikumi. Tumeanzia stesheni saa tatu asubuhi. Vijiwe viwili vya kahawa, duka la zamani la halua ambalo sasa ni stoo ya mahindi, tukamalizia kwa Bi Mwantumu, mpika kashata. Nimesema yale ya siku zote: biashara iliasisiwa na marehemu mumewe, Mzee Salehe, mke akaiendeleza. Mjukuu wake Rehema yuko likizo ya chuo. Alisikiliza Kiingereza changu chote. Hakutabasamu.

Jumapili, 6 Julai
Bi Mwantumu kaniita; Rehema kamtafsiria maneno yangu ya jana. Shikamoo yangu kaiitikia, kiti hakunipa.
"Nani alikwambia Salehe ndiye aliyeanzisha?"
Niliyasikia vijiweni. Miaka mitatu naleta watu mlangoni kwake, sijawahi kumuuliza yeye.
Kasimulia amesimama. Salehe alimwacha na watoto wawili, akahamia Kimamba kwa mke mwingine. Ndipo bibi alipoanza kupika kashata, kwa jiko moja la mkaa, watoto wapate kula. Mume alirudi baada ya miaka mingi, mgonjwa. Bibi akamuuguza. Alipopata nafuu akawa anakaa nje na birika la kahawa, watu wakadhani duka ni lake.
"Alipokufa nikanyamaza. Lakini wewe unanifuta ningali hai."
Kasema nisilete mtu tena. Nimeona aibu. Sijala.

Jumatano, 9 Julai
Hoteli wamepiga simu. Wageni wanane Jumamosi. Kashata ndizo wanazozifuata. Bila hizo sina ziara. Nimewaza kupita barabara ya nyuma na kusema bibi amesafiri. Nimejidharau.

Jumamosi, 12 Julai
Mlango wa bibi umefungwa. Tumesimama ng'ambo ya barabara. Nimesema kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti, halafu Kiingereza: biashara ya kashata hizi ilianzishwa na Bi Mwantumu, peke yake. Waliotangulia niliwaambia uongo kwa sababu sikuuliza. Ya ndoa yake sikuyagusa. Si yangu.
Dirisha lilikuwa wazi. Sijui kama alisikia. Wageni wameondoka bila kuonja kitu.

Jumatatu, 14 Julai
Nimewaambia hoteli ziara inaishia kijiweni. Wamesema watafikiria.
Nimekwenda kwa Bi Mwantumu peke yangu, asubuhi. Kanionyesha kigoda. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Kanipa karanga za kukaanga nizimenye. Yeye akakoroga sukari. Akaepua sufuria.
Kisha kasema, "Mama yangu alikuwa anatia hiliki."
Nikasikiliza.