Nimembembeleza Mdakaji Wangu Abaki, Naye Amekubali

Mpendwa Bi Orie,

Naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua. Mimi ni kocha wa timu ya besiboli ya kiwanda chetu cha miso, ile rojo ya soya ya kuungia supu, hapa Iida, timu ya watu wazima wanaocheza alfajiri kabla ya kazi, na msimu huu tumeponea chupuchupu kushuka daraja, maana tulianza kwa kupigwa na kila mtu, hata timu ya vinyozi, tukazinduka majira ya joto, tukalala tena, mpaka mechi ya mwisho ndiyo ikawa ya kufa na kupona, na pale mwishoni mkimbiaji wao alipojaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, Mizuho, mdakaji wetu wa akiba, binti wa idara ya kufungasha, alisimama kutoka nyuma ya mpigaji akarusha mpira ukamfikia mwenzetu kituoni kabla ya yule bwana, mchezo ukaisha, tumebaki, na mimi nililia mbele ya watu bila aibu.

Mdakaji wetu namba moja, Kaka Kuramochi, siku hiyo alikuwa benchi na barafu gotini. Huyu ni mkubwa wangu tangu shule, alikuwa nahodha wakati mimi nafua soksi zake, na mpaka leo akiniita nasimama wima kabla sijajua anataka nini, sasa niambie, Bi Orie, mtu wa namna hiyo nitamwambiaje kwamba umefika wakati wa kutundika daluga? Mwaka mzima nilikuwa natafuta maneno.

Basi tukaenda kuoga maji moto timu nzima kama tunavyofanya kila msimu ukiisha, na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akaniambia, "Sakaguchi, mwakani tafuta mtu mwingine. Magoti haya yamebaki ya kupandia ngazi tu, tena ngazi fupi."

Nilifarijika mpaka nikasikia mwili unakuwa mwepesi majini. Lakini unajua desturi zetu, mkubwa akiomba kuondoka huwezi kusema "haya" papo hapo kana kwamba viatu vyake ulishamwekea mlangoni, lazima umzuie mara moja au mbili, ndipo naye ashikilie, ndipo ukubali kwa huzuni. Kwa hiyo nikasema, "Hapana, kaka, usituache. Timu bila wewe ni supu bila miso." Nikaongeza, "Mwaka mmoja tu, kaka, nakuomba." Akajimwagia maji kichwani, akasema, "Haya. Kama umefika hatua ya kuniomba, mwaka mmoja."

Nusura nizame. Mke wangu nilipomsimulia aliweka kijiko chini akasema, "Mdomo wako huo, siku moja utaozeshwa mke wa pili na utashukuru kwa adabu."

Na sasa mambo yameharibika zaidi. Kaka amenunua glavu mpya ya kudakia, anatembea nayo kila mahali, anaipaka mafuta, anaipiga ngumi ilainike, na mkewe amemwambia mke wangu kwamba usiku anaiweka chini ya godoro na kuilalia. Mazoezini lakini anadakia ile ya zamani, anasema mpya inambana vidole. Nikamshauri airudishe dukani akabadilishiwe saizi, akanikaripia, "Glavu hairudishwi. Inazoeshwa." Mtu mwenye moyo wa namna hiyo nitamwondoaje?

Wakati huohuo Mizuho amenijia. Vinyozi wamemwahidi nafasi ya kwanza. Akaniambia, "Kocha, mimi kusubiri sikatai. Niambie tu nasubiri nini." Binti mwenyewe anadakia glavu kuukuu ya klabu inayompwaya mkononi, wenzake wanamtania kwamba anadaka kwa beseni, na bado ndiye aliyetuokoa. Kikosi cha mwakani nakitangaza kwenye karamu ya kufunga mwaka, na ni hapohapo anayestaafu hurushwa juu na wenzake. Nikimtaja kaka, Mizuho ataondoka. Nikimtaja Mizuho, nitakuwa nimemuaibisha mtu niliyemwomba mwenyewe abaki. Nifanye nini?

Kocha Sakaguchi, Iida

*

Kocha Sakaguchi,

Nimejitahidi nisicheke, nikashindwa pale majini. Pole, na hongera kwa kubaki kwenye daraja lenu. Mkeo ana akili, msikilize mara nyingi zaidi.

Wewe ulimbembeleza kwa adabu ukitumaini atakataa. Hukuwaza kwamba yeye naye amekubali kwa adabu, kwa sababu mdogo wake kamwomba na hana uso wa kumnyima? Watu wazima wawili mmeshikana mashati, kila mmoja anangoja mwenzake aachie, na binti wa watu amesimama katikati. Heshima si utumwa, kocha.

Sasa isome tena barua yako, maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Mtu aliyedaka mpira maisha yake yote hakosei saizi ya glavu. Amenunua inayombana, haitumii, na ukimwambia airudishe anakuwa mkali. Analalia usiku glavu isiyomwenea ili ilainike. Hapo timuni, ni mkono wa nani mdogo? Ni nani anayedaka kwa beseni?

Kaka yako ameshaondoka zamani. Anangoja umpe ruhusa, kwa sababu neno alilokupa hawezi kulirudisha mwenyewe.

Basi acha kujizungusha. Mficha uchi hazai. Kesho nenda kwake kwa miguu yako, usipige simu, usibebe zawadi ya mafumbo. Kaa chini, mshukuru kwa miaka yote, soksi zikiwemo, kisha mwambie hivi: "Kaka, nilikuomba mwaka mmoja kwa woga wangu. Nakurudishia neno lako." Atanyamaza. Na wewe nyamaza, najua kwako ni kazi. Halafu muulize kama glavu imeshalainika.

Ukitoka hapo mpitie Mizuho kabla vinyozi hawajamaliza maneno yao, umwambie alikuwa anasubiri nini. Siku ya karamu glavu aitoe Kuramochi kwa mkono wake. Mrusheni juu, mdakeni vizuri, magoti yale hayataki kishindo.

Na atakapokuambia kwaheri, kocha, jibu "asante" na ufunge mdomo. Usimwambie abaki, hata kwa adabu.

Bi Orie