Upepo wa Matairi ya Nyuma

Alajärvi, Ufini
14 Septemba 2008

Mpendwa mwanangu Ilpo,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Sina udhuru wa maana. Hujambo huko Australia, na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto linatangulia kila mvua.

Viazi tumekwisha kuvichimba. Dada yako Saija bado anashindana kwa gari aliloliacha marehemu baba yako Tauno, nami ndiye mtu wa matairi. Mwaka huu nilichagua membamba yenye meno makubwa, yanayouma changarawe. Ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta na kukata kona, nayapa upepo wa kiasi. Ya nyuma nayajaza yawe magumu, ili mkia uteleze kidogo na pua ifuate kona. Hata hivyo tulikuwa wa tano kila mara.

Mwezi wa saba niliyapima baada ya mbio. Ya nyuma yalikuwa yamepungua upepo, yote mawili sawasawa. Tairi moja huweza kuvuja. Mawili hayavuji kwa mapatano.

Nilimshuku Oiva wa kiwanda cha mbao, ambaye hutupita kila mara na hakosi kuchutama kando ya gari letu.

"Mzee Arvi, mbio za hiki kigari zinafichwa," aliniambia. "Siku kikishinda, natia karatasi yangu."

Hujaisahau sheria yetu: mbio zikiisha, mshindani yeyote aweza kutia karatasi ya kulinunua gari lolote kwa bei ile moja iliyopangwa, na mwenyewe hana ruhusa ya kukataa.

Jumapili iliyopita nilijibanza nyuma ya trela. Oiva alikuja, akalipiga tairi teke, akaenda kunywa kahawa. Kisha akaja Saija, akapiga goti, akafungua kifuniko cha valvu.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Baba mkubwa, gari la mtu wa tano hununuliwa na nani?"

"Nani kakufundisha?"

"Baba. Ulidhani hajui kujaza tairi?"

Ndivyo nilivyodhani, Ilpo, na nilimcheka baba yako kwa hilo miaka ishirini, naye akaniacha nicheke, akabaki na gari lake.

Mbio za mwisho ni tarehe 28. Saija anasema anataka ajue, walau mara moja, gari la baba yake lina mbio kiasi gani. Likishinda, Oiva atalichukua. Nawe ni mtoto wa Tauno. Niambie lipi unaliridhia: lishinde, au libaki kwetu.

Mama yako mkubwa Kerttu anakusalimu, na Saija pia. Mungu awalinde usiku wenu ambao ni mchana wetu.

Nitakuandikia tukishaamua. Lakini nashuku Saija amekwisha kuamua: jana niliyapima matairi ya nyuma, yamejaa hadi kipimo changu, na vifuniko vya valvu vimekazwa kwa koleo.

Akupendaye daima, baba yako mkubwa,
Arvi