Picha ya Mbuyi na Kabanga

Jumanne, 8 Juni 1999

Kompyuta imezima tena. Mwaliko wa harusi ulibaki mstari mmoja, skrini ikageuka bluu, kwisha. Papa Sylvain, mwenye duka, analaumu umeme. Kila kitu Likasi tunaulaumu umeme siku hizi. Nimechapa upya toka mwanzo. Vidole vimekufa kwa baridi.

Picha ya watoto wa mdogo wangu Georgette bado sijaifungua. Imo ndani ya kadi ya kamera, kitu chembamba kama biskuti. Binamu wa Papa Sylvain alikuja na kamera hiyo kutoka Johannesburg, ile isiyotumia filamu. Aliwapiga picha Mbuyi na Kabanga wetu bure, akaniachia kadi na kijisanduku cha kuisomea, akaenda zake Kolwezi na kamera. Mtu mwema. Wapiga picha wa sokoni hawana filamu tangu Pasaka.

Jumatano, 9 Juni

Mwansa, dereva wa lori la unga, amerudi toka Kasumbalesa na habari za shemeji Kalala. Yuko Kitwe, ng'ambo ya mpaka, anafanya kazi kwenye karakana. Aliondoka mimba ikiwa changa. Pacha wake wana miezi saba, hajawaona.

Habari ni mbaya. Kuna mtu amemwambia kwamba Kabanga amekufa. Uongo. Mtoto aliugua malaria Aprili, ni kweli, hata mimi nilikata tamaa. Lakini alipona, na sasa ananyonya kumshinda nduguye. Kalala hataki maneno. Kwao Waluba pacha akifa haliliwi, na msiba wake hausemwi. Kwa hiyo kila anayemwambia "mtoto mzima" anamwona anatimiza mila tu. Hata mama yake mzazi, nkambo wa watoto, tunayekaa naye hapa nyumbani, hamwamini. Mwansa anasema Kalala halii, hali, anakaa tu.

Anataka picha. Wote wawili, picha moja.

Mwansa anaondoka tena Jumatatu. Georgette amesema picha isipopatikana, anapanda lori na watoto. Barabara ile, askari wale, baridi hii. Sitaki. Sitaki kabisa.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeweka kadi. Picha ya kwanza, Mbuyi peke yake: safi, hadi jino lake. Nikaichapa. Ya pili, Kabanga peke yake: safi. Nikaichapa. Ya tatu, wote wawili juu ya mkeka. Nikabonyeza. Bluu. Mashine ikafa, na ratiba ya ubatizo ya mteja ikafa nayo.

Papa Sylvain alipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakasimama. "Odile, ile kintu itaua ordinateur yangu! Itoe!"

Nimeleta nyumbani zile mbili. Georgette kaziweka mezani, kaziangalia, kaniangalia. Yupi ni yupi? Pacha hupewa sawa kwa sawa, nkambo hakubali vingine. Kofia sawa, fulana sawa, kitenge kimoja nyuma yao. Wanafanana kama macho ya mtu mmoja. Kwa baba asiyewajua, hizi ni picha mbili za mtoto mmoja. Tumejitengenezea ushahidi dhidi yetu wenyewe.

Nilicheka. Georgette hakucheka.

Ijumaa, 11 Juni

Nkambo ana maelezo yake ya ugonjwa wa kompyuta. "Mulipiga Mbuyi foto wa kwanza, Kabanga hamukumusalimia. Njo maana amekasirika."

Amekuja dukani mchana, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na bonge la pemba, udongo mweupe wa kuwapakia pacha. Amewapaka paji la uso. Kisha, kabla sijafungua kinywa, ameipaka na mashine. Vidole vitatu, vizuri kabisa, juu ya kisanduku. Akaimba nyimbo za pacha. Nyimbo hizo hazina adabu, ndivyo zinavyotakiwa. Mimi mwanakwaya nimesimama pale masikio yanawaka moto, mteja anapiga makofi. Papa Sylvain hakuthubutu kumfukuza mama wa watu. Alifuta udongo baadaye, taratibu, kwa leso yake mwenyewe.

Kabanga alimcheka nkambo kwa sauti. Nampenda mtoto huyu mpaka naumwa.

Picha ya tatu: bluu.

Jumamosi, 12 Juni

Leo nimefanya kazi bila kadi. Asubuhi mpaka kufunga, mashine haikuzima. Umeme umekatika na kurudi, nayo ikaamka vizuri. Jumanne kadi ilikuwa ndani. Nakumbuka sasa, niliichomeka mapema nikaendelea na mwaliko. Si umeme basi, si hasira ya Kabanga. Ni kadi, mbovu.

Nimemweleza Papa Sylvain. Amesema kesho baada ya misa, mara moja tu, ya mwisho. Naye ana wajukuu.

Jumapili, 13 Juni

Tulikuwa watatu dukani: mimi, yeye, Georgette. Pacha mmoja kwangu, mmoja kwa mama yao. Nimebonyeza.

Picha ilianza kushuka polepole toka juu. Ukuta. Kitenge. Kofia mbili. Mbili! Georgette alinishika mkono. Mapaji mawili ya uso. Jicho la mmoja.

Bluu.

Tulipoiwasha tena, mashine haikuitambua kadi kabisa. Papa Sylvain aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye kaiharibu. Georgette akaniambia mimi dada yake, "Basi, yaya. Batakwenda benyewe."

Anafunga mizigo sasa. Namsikia. Nina hasira na kadi, na Kalala, na mila ya kutolilia watoto. Niseme ukweli, hakuna anayenisikia: nilitaka picha ifike ili wao wabaki. Sina mtoto. Miezi saba nimekuwa na nusu ya wawili.

Jumatatu, 14 Juni

Wameondoka. Mwansa amewapa kiti cha mbele, karibu na joto la injini. Nkambo amewapaka pemba tena. Nimewabusu sawa kwa sawa. Kabanga alishika kidole changu, ikabidi Georgette amwachishe.

Nilikwenda kazini. Nimechapa makosa.

Ijumaa, 18 Juni

Hakuna habari. Nkambo anapepeta mchele uliokwisha pepetwa. Dukani wanasema kuna vizuizi njiani. Sitaki kusikia. Nimemjibu vibaya Papa Sylvain, akaniletea chai.

Jumatano, 23 Juni

Mwansa amerudi. Amekuja moja kwa moja nyumbani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wamefika. Kalala alikuwa upande wa pili wa mpaka tangu alfajiri.

"Alibeba moya, akamurudisha. Akabeba wa pili. Akabeba boote babili. Njo pale alilia, mama. Alilia sana."

Nkambo aliingia ndani akafunga mlango. Nilimsikia anaimba zile nyimbo zake mbaya, polepole.

Sikurudi dukani. Nilifua nguo zangu, nikaanika, nikalala mchana. Hakuna aliyeniamsha.