Mawe ya Duka la Baassou

Jumanne, 7 Oktoba

Kitabu cha wizara kina picha ya trilobiti. Picha! Ndogo kama kucha, imechapwa vibaya. Na nyuma ya ukuta wa shule yetu kilima kizima kimejaa wadudu hao wa bahari waliogeuka mawe. Watoto wanawakanyaga wakija darasani.

Nimefunga kitabu. Nimewatoa nje wote, darasa zima la miaka kumi na mitatu. Nikawaambia: hapa mliposimama palikuwa bahari, miaka milioni mia nne iliyopita. Wakaangua kicheko. Bahari! Na sisi maji tunaletewa na lori!

Rqia hakucheka. Baba yake, Baassou, ana duka la mawe barabarani. Akauliza: "Mwalimu, mbona wa dukani kwetu wote wanafanana kama mapacha?"

Swali zuri kuliko yote mwaka huu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimewafundisha kutambua wa kughushi. Sindano ya moto — jiwe halijali, gundi inanuka plastiki. Vitundu vya hewa ni alama ya plasta iliyomiminwa. Na wa kweli hafanani na mwenzake: huyu kapinda, yule kapoteza mkia, maana kila mmoja alikufa kifo chake.

Trilobiti kumi na wawili nimewapanga mezani, wa kweli na wa kughushi. Rqia hakukosea hata mmoja. Nimerudi nyumbani naimba — mimi!

Jumatatu, 13 Oktoba

Kiti cha Rqia kitupu. Wavulana wa nyuma wanamchekelea, wamempa na jina: "Plasta kafungiwa ndani!"

Nimewabana mpaka wakasema. Jumamosi watalii walisimama dukani kwao. Bibi mmoja keshafungua pochi. Rqia akamwambia, kwa Kifaransa safi cha darasani kwangu: huyu ni plasta, bibi. Kundi zima likarudi garini. Baassou kaapa: shule basi.

Mkuu wa shule akaniita. Eti nikaombe radhi. Eti wazazi wanakula kwa mawe hayo, Mwalimu Tuda, wewe fundisha kitabu tu. Kitabu! Nimebamiza mlango wake hadi kioo kikatikisika. Sijutii.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda kwa Baassou. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nimemkuta uani, kainamia jiwe, keekee inalia, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuinuka.

"Karibu, binti Hmad. Umekuja kunusa?"

Nikamwambia kumwachisha mtoto shule ni dhuluma. Akazima keekee. Akaninyooshea trilobiti wa kweli, miiba yote imesimama, mizuri ajabu.

"Huyu nimemtoa jiweni kwa wiki tatu. Watalii wanamshika, wanamsifu, wanamrudisha. Wananunua wa plasta, kwa bei ya sahani ya tajini. Sasa wewe unamfundisha mwanangu kunivua nguo mbele ya wageni. Ndiyo sayansi hiyo?"

"Na kudanganya wageni ndiyo nini?"

"Ndiyo mkate." Akakohoa. Akakohoa mpaka akashika ukuta.

Nilipaza sauti, jirani akachungulia. Ndipo nikamwona Rqia mlangoni na sinia la chai. Hakunitazama. Vidole vyake vyeupe, plasta imeganda kwenye kucha. Keshawekwa kazini! Siku tatu tu!

Nimeondoka bila kuonja chai. Kwetu hilo ni tusi. Nilikusudia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baassou katuma neno kwa mkuu. Jumapili linakuja basi kubwa la watalii kutoka mjini Erfoud. Nifike dukani, nisimame mbele ya wageni, mimi mwalimu wa sayansi, niseme mali yake ni ya kweli. Nikisema, Jumatatu Rqia darasani.

Mbwa!

Nimefuta. Mzee yule anatema vumbi, nisimwite mbwa.

Nimerudisha. Mbwa.

Mkuu anaona ni suluhu safi kabisa. Anatabasamu, eti kila mtu atafurahi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekuja. Sijui nimekuja kufanya nini. Wageni thelathini, duka halipumui. Baassou kavaa jalaba jipya, anatangaza: "Huyu ndiye mwalimu wa watoto wetu!" Akaniwekea jiwe mkononi.

Kichwa ni cha kweli. Naapa ni cha kweli, macho yote mawili, kimesafishwa kwa mkono wa fundi. Kuanzia shingo kushuka, plasta. Bibi mmoja mwenye kofia akanisogelea: ni wa kweli, huyu?

Nikasema naomba kunawa mikono.

Naandika hapa chooni, nimesimama, daftari nimelibana ukutani. Hasira — lakini na nani sasa? Na Baassou. Na mkuu na meno yake. Na bibi huyu anayetaka miaka milioni mia nne kwa bei ya chakula cha mchana. Na mimi, mimi hasa, niliyefundisha sindano nisifikirie mtoto anarudi nyumba gani saa sita.

Hodi.

Nilidhani Baassou. Ni Rqia. Nimefungua kidogo tu. Kavaa mkoba wa shule mgongoni. Jumapili! Umejaa vitabu, kamba zinambana mabega. Yule aliyemwambia bibi wa watu ukweli mchana kweupe.

"Sema ni wa kweli, Mwalimu," ananong'ona. "Sema tu."

Nimefunga mlango tena. Hajaondoka. Naviona viatu vyake chini ya mlango, kavipiga rangi.