Mume Wangu Alishaitembea Njia ya Hija, na Hakuwa Peke Yake

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, maana tangu Jumapili iliyopita chakula hakipiti, na hapa bondeni hakuna ninayeweza kumwambia bila habari kumfikia jirani kabla kahawa haijapoa. Majina nimeyabadili, ingawa najua wanaotujua watatujua tu.

Mimi nina miaka sitini na mitatu, mume wangu Eivind sitini na sita, shamba tumeshamwachia kijana wetu Halvor, na kila kiangazi, miaka mingi sasa, mahujaji wanaokwenda Trondheim kwenye kanisa la Mtakatifu Olav wanakatiza uani kwetu na mabegi yao, mimi nawapa maji na Eivind anawaonya juu ya fahali, na sikumbuki hata siku moja akisema naye angependa kutembea, mtu ambaye hata posta anakwenda na trekta, sasa mwaka mpya huu tukiwa mezani akaniambia, "Åshild, twende na sisi, tuanzie Oslo kabisa, kilomita zote mia sita na arobaini na tatu." Nikacheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka, na mshauri wangu, sitakuficha, nilifurahi kuliko siku aliyonichumbia.

Basi nikaanza kupanga, na mimi nikipanga napanga kweli, ramani nikaibandika ukutani jikoni, vitabu vya hija vya kugongwa mihuri nikaviagiza viwili, soksi za sufu nikafuma jozi nne kwa kila mtu, viatu vipya tukawa tunavaa kwendea zizini ili vitulegee miguuni, Halvor akatucheka akasema ng'ombe wamekataa kutoa maziwa wakiona watalii, na nikanunua daftari la kuandika kila siku tutalala wapi, siku thelathini na mbili, tuondoke mwisho wa mwezi wa sita ili tufike siku yenyewe ya sikukuu ya Mtakatifu Olav, tarehe ishirini na tisa mwezi wa saba. Jumamosi iliyopita tukaenda kujaribu mabegi, mwendo wa siku moja tu kwenda kaskazini, tukalala kwenye ghala la zamani ambalo wenye shamba wameligeuza malazi ya mahujaji.

Asubuhi Eivind anachemsha kahawa, mimi nimekaa dirishani na kitabu cha wageni, unajua mwenyewe kwamba kwetu mtu halali kwenye kibanda bila kuandika jina lake, ametoka wapi, anakwenda wapi na hali ya hewa ilikuwaje, nami nilikuwa natafuta za mwaka jana ninakili nani alipata mvua na nani viatu vilimwumiza. Nikafika mwezi wa saba. Nikasoma: "Mvua tangu asubuhi. Baba ana malengelenge visiginoni na hataki kusema. Tumekula keki za jamu tatu tatu. Baba anasema mama angelipenda dirisha hili. Synnøve na Eivind." Na chini yake mume wangu ameongeza kwa mkono wake, "Ni kweli, angelipenda."

Mshauri, nilikisogeza kitabu kwenye mwanga nikasoma tena. Synnøve ni binti yetu ambaye hatujasemezana miaka sita.

Nikamwuliza, "Eivind, mwaka jana mwezi wa saba ulikuwa wapi?"

"Si nilikwambia, kwa Torgrim kule ziwani, tunaezeka paa."

"Na huu ni mwandiko wa nani?"

Akatazama, akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Lile paa lilikwisha siku mbili," akasema.

"Na wale samaki ulioniletea, ukasema mmevua na Torgrim?"

"Nilinunua dukani, mji wa Oppdal, nikirudi kutoka Trondheim."

Wiki mbili na nusu alikuwa njiani na binti yake, mimi niko nyumbani nawapa maji mahujaji wengine. Na hayo si mwisho, maana nilipomwuliza sasa hii safari yetu ni ya nini akaniambia, polepole kama anavyosema mambo yote, kwamba wamekubaliana Synnøve atasimama mlangoni mwa kanisa siku ya sikukuu tutakapofika. "Nilijua ukiambiwa hutakuja," akasema. "Nikaona ukishatembea siku thelathini na mbili utakuwa umechoka kugombana."

Nikueleze ugomvi wenyewe usije ukanifikiria vibaya. Synnøve ndiye kifungua mimba, shamba lilikuwa haki yake kwa desturi, akalikataa mezani mbele ya mama yangu mzazi ambaye ndiye aliyemlea, akaenda Trondheim kutengeneza meno ya bandia, tukarushiana maneno, na mama alipofariki mwaka uliofuata jina la Synnøve halikuwemo kwenye tangazo la kifo gazetini, basi akakasirika na mazikoni hakuja, nikawaambia watu mnaona alivyo, na Eivind alisoma lile tangazo akinywa kahawa, akaliweka chini akaenda zizini, hakusema neno, mimi nikajua ameridhika.

Niambie nifanye nini. Niivunje safari? Nimwambie aende na huyo mwenziwe, si wameshazoeana? Nitalalaje na mtu aliyenidanganya akiwa na samaki mkononi? Naona nimefanywa mjinga mimi, na ramani yangu, na soksi zangu.

Mwenye butwaa, Bonde la Gudbrand

*

Dada yangu mwenye butwaa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama. Miaka minne nipo kwenye safu hii, nimeletewa ya wanaume wenye nyumba mbili na ya ndugu waliouziana shamba lenye mpaka wa uongo, na sikushtuka hivi. Ila sikushtushwa na ulipodhani nitashtuka.

Tuanze na Eivind, maana habari yake si ndefu. Amekosa. Mtu mzima hadanganyi mkewe wiki mbili na nusu kisha akamnunulia ushahidi dukani. Pole kwa hilo, na una haki ya kununa. Mwambie wazi kwamba imekuuma, na kiangazi hiki chote asikuletee samaki wa aina yoyote. Lakini umeishi naye miaka arobaini hivi na bado unadhani mwanamume wa bonde hili akinyamaza ameridhika? Aliweka gazeti chini akaenda kwa ng'ombe. Mimi hata simjui, na nimeelewa alichoenda kufanya huko. Na mwaka jana, badala ya kukupigia kelele, akajitia malengelenge kutoka hapo bondeni hadi Trondheim.

Sasa wewe. Mistari ya soksi ni mingi, wa tangazo la kifo ni mmoja. "Jina halikuwemo." Halikuwemo vipi, dada? Lilitoka lenyewe likaenda kutembea? Nani aliandika ile karatasi ya tangazo? Na mahali popote kwenye barua yako hujaandika kwamba ulimpigia simu binti yako kumwambia bibi yake amefariki. Bibi aliyemlea. Naogopa alipata habari kama tulivyopata sisi wengine, kwenye ukurasa wa gazeti, akasoma majina ya familia yake mpaka mwisho na hakujiona. Halafu mazikoni ukawaambia watu, mnaona alivyo. Hapo ndipo niliposimama.

Nakwambia jambo ambalo sikuwahi kuliandika hapa. Kabla ya kupewa safu hii nilikaa miaka kumi na tisa kwenye meza ya matangazo ya vifo ya gazeti hili. Wewe na mimi tunajua watu wetu wanavyolisoma. Wanaanzia ukurasa huo, kabla ya siasa na kabla ya bei ya maziwa, na wanahesabu kwa kidole: watoto, wakwe, wajukuu. Jina likikosekana, kila meza ya jikoni bondeni inajua hukumu imetolewa.

Asubuhi moja katika miaka ile msichana alipiga simu. Sijui kama alikuwa wako, na siulizi. Akasema kwa adabu, "Samahani mama, nadhani mtambo wenu umeruka jina. Ni kwenye tangazo la bibi yangu." Nikamwambia asubiri. Nikaenda kuitafuta karatasi iliyoletwa na familia, nikiomba njia nzima kosa liwe letu, maana makosa yetu tunayarekebisha toleo la kesho yake na tunaomba radhi. Karatasi ilikuwa safi, mwandiko mzuri, hakuna kilichofutwa. Nikarudi nikamwambia hapana mwanangu, tumechapa kama tulivyoletewa. Akasema, "Asante. Nilitaka kuhakikisha tu." Akakata.

Kwa hiyo sikiliza, na usinibishie. Safari ya mwezi wa sita usiivunje, wala usiingoje. Mpango wa Eivind una moyo lakini ni mbaya. Unataka mtoto asimame mlangoni mwa kanisa, sikukuu, watu mia tatu wanapita, akichungulia kama mama yake atamtazama au atampita? Hilo alishafanyiwa mara moja mbele ya bonde zima. Inatosha.

Panda treni. Safu hii inatoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi uwe kituoni, na kabla ya chakula cha mchana utakuwa Trondheim. Eivind asije. Anwani atakupa, usijitie kwamba hana. Usibebe zawadi. Usimwulize kuhusu mwaka jana, hiyo ni yake na baba yake, waliitembea wao na wewe hukuwepo. Akifungua, mwambie hivi: "Lile tangazo niliandika mimi. Jina lako nililiacha kwa makusudi. Na sikukupigia simu bibi alipofariki." Ukimaliza, nyamaza. Ukisikia neno "lakini" linakuja mdomoni, limeze. Shamba usilitaje kabisa, Halvor analo na ng'ombe wanashiba.

Kama atakuja kutembea nanyi, au atakutana nanyi kanisani, au hataki kuwaona kabisa mwaka huu, hilo ataamua yeye, na utakubali.

Akikufungia mlango, usigonge tena siku hiyo. Tafuta pa kulala, urudi mlangoni kwake Jumamosi, na Jumapili. Mimi siku ile nilikuwa na simu mkononi na sikuwa na kosa la kurekebisha. Wewe unalo.